Treni Isiyopita Mundika

Mwanangu Nabwire,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza, taipureta ni yako, nilikupa mwenyewe mbele ya ukoo mzima, na mtu haombi kuazima alichokwisha kurithisha. Ya pili, ningeigusa tu ungekuja kusimama nyuma ya bega langu uangalie kama nakosea herufi. Leo nina makosa makubwa kuliko ya herufi, na nataka kuyaandika bila kuangaliwa.

Ni alasiri. Wewe umekwenda kisimani, mama yako yuko shambani anajifanya anapalilia. Sanduku lako la bati liko mbele yangu, wazi, tupu. Jana lilikuwa limejaa. Nguo zimerudi kwenye kamba zilikokuwa, moja moja, kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Mama yako ameniambia ulichosema. Aliniambia jana jioni huku akichambua mboga ya mrenda, bila kuinua macho: "Mtoto anasema haendi. Anasema akienda, wewe utakufa yeye akiwa kwenye treni."

Habari za blanketi, sabuni, na baridi ya Nairobi huko chuoni, mama yako ameshakwambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kitu kilichomo kichwani mwangu. Ni mimi niliyekufanya uamini kwamba ni uvimbe. Si uvimbe. Haukuwa uvimbe siku yoyote. Na mimi hilo nimelijua kwa zaidi ya mwaka mzima.

Hapo, nimeliandika. Kunywa maji kwanza, halafu usome yaliyobaki. Ukitaka kulia, lia, ukitaka kunitukana, subiri ufike ukurasa wa mwisho ili unitukane kwa jumla.

Unajua ninavyoanguka, lakini sijawahi kukueleza namna kunavyokuwa kwa ndani. Kwanza inakuja harufu ya njugu za kukaanga. Hakuna anayekaanga njugu, lakini ninazisikia zikinukia, na moto wake, na hata chumvi. Halafu mwanga unakuwa mzito, wa rangi ya asali, na kila kitu kinakuwa kama nilishakiona: kuku akivuka uwanja, naona alishavuka hivyo hivyo zamani sana, wewe ukigeuza shingo, naona uliigeuza hivyo kabla hujazaliwa. Kisha, mbali sana, upande wa machweo, naisikia honi ya treni. Ndefu, tamu. Inakaribia. Nataka kusimama niende nikaipokee.

Mundika hakuna reli. Treni iliyo karibu nasi iko Malaba, na hakuna sikio la binadamu linaloweza kuisikia kutoka hapa. Ndiyo maana nilizoea kuuliza, "Nabwire, unaisikia?" Nawe ukajibu, "Hapana, baba," huku umeshaanza kukimbia.

Nikizinduka, kitu cha kwanza ninachokiona ni uso wako umepinduka, kidevu juu, paji chini, na mawingu nyuma yake. Huwa nachukua muda kukumbuka jina lako. Nakumbuka kwamba nakupenda kabla sijakumbuka unaitwa nani. Sijui madaktari wana neno gani la jambo hilo.

Sasa turudi mwanzo. Mara ya kwanza nilianguka kazini, pale mpakani Busia, mezani pangu kando ya ofisi za forodha. Nilikuwa namjazia fomu mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka aliyevuka kununua sabuni na chumvi. Niliangukia taipureta. Wenzangu wanasema nilipiga mstari mzima wa herufi K kwa paji la uso, na yule mama akauliza kama hiyo nayo inalipiwa. Walicheka baadaye. Wakati ule hawakucheka, walirudi nyuma. Unajua watu wetu: wanasema povu la mtu aliyeanguka likikugusa, nawe utaanguka. Nililala kwenye vumbi la mpakani na watu wamenizunguka kwa mbali, kama mzigo usio na mwenyewe.

Daktari wa hapa kwetu alinipima, akanigongagonga magoti, akaandika barua ya kunipeleka hospitali kubwa Kisumu. Alisema, "Mzee, huenda kuna kitu ndani ya kichwa. Wakakupige picha." Nikasema ndiyo, daktari. Sikuuliza kitu gani. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwauliza watu wamebeba nini, kiasi gani, kimefungwa namna gani, mimi nilitoka na barua mfukoni bila swali hata moja.

Maana jibu nilikuwa nalo tayari. Unamkumbuka yule katekista wa kanisani kwetu, aliyekuwa na sauti nzito? Alikufa kwa uvimbe wa ubongo. Tulimwona akipofuka jicho moja, kisha la pili, kila mwezi anapungukiwa na kitu. Njia nzima kutoka zahanati nilikuwa natembea na katekista. Nilipofika Mundika nilikuwa nimeshakufa, kilichobaki ni taratibu.

Na taratibu nilizifanya vizuri, si unajua? Jumapili iliyofuata, kabla hata sijaonwa Kisumu, nikauita ukoo. Nikaketi kwenye kigoda mlangoni, nikasema nina uvimbe kichwani, kisha nikasema maneno ya mwisho. Baiskeli nikampa baba yako mdogo Wandera. Koti la harusi nikampa mjomba wako ambaye halimwingii hata mkono mmoja. Taipureta nikakupa wewe. Nikataja pa kuzikwa. Nilisema vizuri sana, Nabwire, nililia mwenyewe kwa nilivyosema vizuri. Na Wandera, ambaye alikuwa hanisalimu kwa sababu ya ule mpaka wa shamba pale kwenye mikatani, alisimama mbele ya watu akasema, "Kipande kile ni chako, kaka. Hata ukilala chini, ni chako." Tukakumbatiana. Sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa Jumapili ile.

Wewe mwenyewe unajua sheria ya kwetu: mtu akishasema maneno ya mwisho mbele ya ukoo, hayarudishwi. Hakuna aliyewahi kufikiria itakuwaje mwenyewe asipokufa.

Alhamisi nikaenda Kisumu. Walinipiga picha ya kichwa, halafu, ajabu, wakanipiga na ya paja. Nikadhani wamechanganya wagonjwa. Daktari alikuwa kijana mdogo mwenye miwani mikubwa na njaa ya kueleza. Alitundika picha kwenye mwanga. Nikaliona fuvu langu mwenyewe, na ndani yake vidoa vyeupe vitatu, vidogo kama mbegu za wimbi. Kwenye picha ya paja, nyamani, viko vingine, virefu kidogo, kama punje za mchele.

"Kwenu mnafuga nguruwe, mzee?"

"Nani hafugi? Wako hata njiani. Wanatusalimu."

Hakucheka. Akaniambia kuna mnyoo unaitwa tegu, unaopatikana kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Mtu aliye nao tumboni huachia mayai chooni, na choo kikiwa ni kichaka, mayai yanafika kwenye mboga, kwenye maji, kwenye mikono. Mwingine akiyala bila kujua, vitoto vyake vinasafiri kwa damu hadi nyamani, hadi kwenye ubongo. Vinaishi huko miaka kimya. Kisha vinakufa, na mwili unavizika kwa chokaa. "Hivi unavyoviona," akasema, "ni makaburi."

Nikamuuliza, hatimaye, swali langu la kwanza. "Kwa hiyo huu uvimbe utaniua lini?"

Akaivua miwani. "Nani amekwambia uvimbe?"

Nikamwambia habari za katekista. Akavuta kiti karibu. Alinieleza, nami nakueleza, kwa sababu unakwenda kusomea uuguzi na siku moja utamwona mzee mjinga kama mimi akiitikia ndiyo, daktari, ndiyo, daktari, upesi upesi. Huyo umrudie. Bado hajasikia kitu.

Alisema hivi. Mahali popote kwenye ubongo palipoharibika, wao wanapaita kwa jina moja, ni doa. Jina hilo linakuambia tu kwamba hapa si pazima. Halisemi pameharibiwa na nini. Pigo la kichwa huacha doa. Homa kali huacha doa. Damu ikikosa njia, doa. Mnyoo ukifa, doa. Na uvimbe nao ni doa, ndiyo, lakini ni wa aina yake: ni nyama inayoota isipotakiwa, inajiongeza yenyewe, inadai nafasi, inausukuma ubongo ukutani. "Kila uvimbe ni doa, mzee. Si kila doa ni uvimbe."

Nikamwambia, "Daktari, mimi ni mtu wa fomu. Kwenye fomu kuna mahali tunaandika mzigo. Kila kahawa ni mzigo, lakini si kila mzigo ni kahawa."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi umeelewa kuliko wanafunzi wangu. Na usimkamate kila mwenye mzigo."

Nilipokuwa kwenye basi la kurudi nililigeuza mwenyewe kwa lugha ya shamba. Uvimbe ni kichuguu. Unakiacha leo kiko gotini, ukirudi baada ya mvua kiko kiunoni, na mahindi yameinama kukipisha. Langu mimi ni jiwe. Jiwe halikui. Jembe likiligonga, mkono unatetemeka hadi begani, na kutetemeka huko ndiko kuanguka kwangu. Dawa zile nyeupe ninazokunywa haziondoi jiwe. Zinanifundisha kulima taratibu. Ndiyo maana nasinzia mchana, na kijiko kinasimama njiani, na mnanikuta nimeketi na bakuli la uji nikitazama ukuta kama mtu anayesubiri ukuta umalize hadithi. Sifi. Nimepunguziwa mwendo tu.

Daktari hakuniahidi zaidi ya anachokijua. Alisema picha moja huonyesha kitu kilivyo, haionyeshi kinakwenda wapi. Nirudi baada ya miezi sita, tupige nyingine, tulinganishe. Kisichokua hakitakuwa kimekua.

Basi lilipopita Bumala nilikuwa naimba. Kondakta akaniuliza, "Mzee, umetoka harusini?" Nikamwambia nimetoka mazishini, yamevunjika.

Kisha nikafika nyumbani. Na hapa, Nabwire, ndipo ninapotaka usome polepole, maana mimi naandika polepole.

Wandera alikuwa uani na kuku mkononi, ameniletea. Mama yako alikuwa amepiga magoti. Wewe ulikuja mbio kutoka jikoni na unga mikononi, ukaniuliza, "Baba, wamesemaje?" Nami nikafungua mdomo niseme, ni jiwe tu, mwanangu, halikui. Nikamwona Wandera anavyonitazama, kwa upendo kabisa, na yule kuku. Nikasema, "Ni kitu cha kichwa. Tumwachie Mungu."

Neno la uongo halikuwamo. Ndivyo magendo yanavyokwenda. Nimekaa mpakani miaka mingi nikiona kahawa inavuka chini ya ndizi: mwenye mzigo hasemi uongo, anasema tu ndizi, na kweli ndizi zipo. Mimi nilivusha habari njema hadi nyumbani kwangu kwa namna hiyo, nikaificha, nikawaonyesha ndizi.

Nilidhani ni kwa wiki moja. Lakini kufa ni kutamu, mwanangu, mtu akiwa hafi. Hakuna aliyenibishia. Padri mwenyewe alikuja kuniona. Mama yako aliacha kuniuliza nilikokuwa. Na barua yako ya kuitwa chuo cha uuguzi ilikuwa juu ya rafu, imesimamishwa kwenye chupa ya taa ili kila mgeni aione.

Ilikuwa alasiri kama hii. Nilikuwa nimelala mkekani, dawa imenishika, naelea. Nikaisikia taipureta. Unapiga kwa kidole kimoja, hujajifunza hata leo, kila herufi inajitegemea kama tone la mvua kwenye bati. Nilizisikiliza zote. Nilijua unaandika nini. Unawaandikia kwamba baba yako anakufa kwa hiyo huwezi kuja. Kati ya herufi moja na nyingine kulikuwa na nafasi ya kutosha mtu kusema, "Nabwire, acha." Nafasi nyingi. Ulimaliza, ukaitoa karatasi, nikaisikia ile sauti yake ya kuchomoka, nami nikafumba macho.

Miezi sita ilipopita nikarudi Kisumu peke yangu. Picha mpya ikatundikwa kando ya ile ya zamani. Vidoa vitatu, ukubwa ule ule, mahali pale pale. Daktari akanipongeza kama aliyevizaa yeye. Nikarudi, nikasema tena, "Tumwachie Mungu."

Mara ya pili haikuwa kwa ajili ya kuku. Hili ndilo lililo chini kabisa ya ndizi. Unajua kwamba nikianguka ni wewe tu unayenigusa. Wengine wanarudi nyuma, Mungu awasamehe. Mama yako hunishika, lakini kwa macho yaliyofumbwa, anaomba kwa sauti, na mikono yake inanitetemesha kuliko ugonjwa. Wewe hukurudi nyuma. Ulimuuliza muuguzi wa zahanati, ukarudi ukatufundisha kwamba mtu hatiwi kijiko mdomoni. Unanigeuza ubavu, unaweka kanga chini ya kichwa, unasubiri. Niliogopa kulala kwenye vumbi tena na watu wamenizunguka kwa mbali. Nikaona heri uamini nakufa, ubaki. Nikachukua mwaka wako mmoja nikauweka chini ya kichwa changu, kama ile kanga.

Chuo kimekuita tena. Si wengi wanaoitwa mara mbili. Na jana umelifungua sanduku, ukazitoa nguo.

Kwa hiyo asubuhi ya leo, kabla sijakuandikia, nilikwenda kwa Wandera. Nilimkuta anapaka mafuta baiskeli. Nikamwambia yote.

Akaliweka chini kopo la mafuta. "Kwa hiyo hufi?"

"Nitakufa. Lakini si kwa hili."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu yule kuku wa kwanza."

"Kuku wanane," akasema. "Kaka, kuku wanane nimevuka nao mikatani nikikuletea. Mke wangu amebaki na jogoo peke yake, anawika hana wa kumsikia."

"Kipande cha mikatani chukua. Ulikitoa kwa maiti."

"Nilikitoa mbele ya watu. Mimi si wewe, mimi nikisema nimesema. Na baiskeli sirudishi."

"Sijaiomba."

Akageuza pedali mara moja, akaitazama inazunguka mpaka ikasimama. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Na yule mtoto akienda, nani atakushika?"

Akaufuta mkono kwenye suruali. "Haya, lala hapo. Nionyeshe mtu anashikwaje."

Nikalala kwenye nyasi zake, mtu mzima wa umri wangu, na Wandera akanigeuza kama gunia la muhogo. Mama yako alitokea kunitafuta, akatukuta hivyo. Alidhani nimeanguka, akapiga yowe, halafu akaona ninacheka. Nikamweleza naye pale pale, nikiwa bado chini. Alinitazama. Alikwenda shambani, na tangu hapo analima, na nadhani kila pigo la jembe lile lina jina langu. Hilo ni letu mimi na yeye. Wewe usilisubiri liishe.

Najua neno langu juu ya kichwa hiki limeshuka thamani. Kwa hiyo sikuombi uniamini. Chini ya barua hii kuna bahasha kubwa ya kahawia: picha mbili, zina tarehe zake pembeni. Zishike dirishani mwanga upite, uhesabu mwenyewe, upime kwa ukucha. Ukifika chuoni wape walimu wako, waulize bila kuwaambia ni za nani. Wakikwambia ni uvimbe, rudi, nitakuwa nimekosea mara ya tatu.

Wakikwambia nilivyokwambia, basi ujue umemwacha nyumbani mtu mwenye jiwe shambani, anayelima kulizunguka. Huenda nikaanguka kesho, huenda nikaanguka nikiwa na miaka themanini. Sikuwahi kuwa mtu wa kusimama imara hata kabla ya tegu, muulize mama yako nilivyocheza siku ya harusi yetu.

Sitakuomba msamaha kwa maandishi. Barua inajibika upesi mno, na wewe ni mwema mno, ungejibu kabla hujakasirika. Kasirika kwanza. Una miaka mitatu ya chuo.

Kesho nitalibeba sanduku lako hadi Malaba, likiwa limejaa au tupu, hilo ni lako kuamua. Wandera atakuja nasi, na kanga mkononi, amekataa kuiweka mfukoni, anasema anataka kuizoea. Tutasimama stesheni. Na hapo nina taabu moja ambayo Mundika sina: Malaba treni zipo. Honi ikilia sitajua kama inatoka kwenye reli au kwenye vile vidoa vyangu vitatu. Harufu ya njugu pia haitanisaidia, kule akina mama wanazikaanga pale pale getini.

Kwa hiyo nitakuuliza kama siku zote, "Nabwire, unaisikia?"

Ukisema hapana, nishikeni. Ubavu, kanga, subira. Mwache Wandera afanye, wewe mwangalie tu. Nitakapozinduka utakuwa bado upo, maana ile ya kweli haitakuwa imefika.

Na ukisema ndiyo, mwanangu, ukisema ndiyo, naisikia, basi hiyo si yangu. Hiyo ni yako. Panda.

Baba yako